Nani Aichonge Hedi ya Pijo

Jumapili, 16 Oktoba 1994

Aibu! Pijo langu limekwama tena kwenye mlima wa Magamba, na kabichi za watu mgongoni. Tobia, kwenye usukani, alishusha gia mpaka ya kwanza. Injini ikahema, ikasimama. Hailaksi mbili zikatupita, mpya kabisa, za hao vijana wanaoshusha magari bandarini siku hizi kama mitumba. Utingo mmoja akapaza sauti, eti tuwape kamba watuvute. Nikamwambia akamfunge nayo mama yake. Na nilikuwa nimetoka ibada ya kwanza!

Gulioni tumefika watu wanafunga biashara. Kabichi zimeuzwa kwa huruma.

Nyumbani Kornelio hakunigombeza. Afadhali angegombeza. Alisema tu kwamba plamu zikianza kuiva na gari bado halipandi Magamba na mzigo kamili, tunaliuza, tununue mashine ya kusaga. Mnunuzi yupo tayari, wa Mombo. Nikasema sawa. Kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watoto, Janeth na wadogo zake!

Lakini Pijo nimelinunua mimi, kwa njegere zangu. Kina mama wa Malindi hii ya kwetu milimani wananipa mizigo yao kwa kuwa simwachi mtu barabarani. Likienda, nitarudi kubeba tenga kichwani na kumbembeleza utingo yule anipe nafasi. Haiwezekani. Mume wangu nampenda, lakini haiwezekani.

Jumanne, 18 Oktoba

Tobia ana wazo. Mdogo wangu huyu kwa kawaida mawazo yake ni kulala, lakini leo nimemsikiliza. Aliwahi kufanya kazi Tanga kwa mafundi wa magari ya mashindano. Anasema wale hawabadilishi injini, wanaiongezea pumzi. Wanafungua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, wanachonga zile njia za hewa ndani yake zipanuke, wanakalisha valvu upya. Hewa ikiingia nyingi, nguvu inakuja. Na huku kwetu juu hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo Pijo linakabwa mara mbili. Nimemwelewa. Hata mimi nikiwa na mafua mlima ule siuwezi.

Hatari moja. Kati ya njia ya hewa na njia ya maji kuna ukuta mwembamba. Fundi akizidisha kidogo ametoboa, na hedi nyingine ya Pijo la zamani hivi haipatikani, si Lushoto, si Tanga. Vipuri vyote sasa ni vya Hailaksi. Kwa hiyo kuchonga tutachonga. Swali ni nani achonge.

Fundi Ismaili wa Lushoto mjini yuko tayari, kwa tupa na msasa. Hapana. Anakata huku anapiga soga.

Jumatano, 19 Oktoba

Hedi imefunguliwa. Tobia ameisafisha kwa petroli peke yake, nyuma ya nyumba. Hakutaka nimsaidie. Pijo limebaki limeachama mdomo uani, kuku wanalikagua.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimechoka lakini niandike.

Jana tulishuka na basi, hedi ndani ya gunia, imenilalia mapajani kama mtoto mgonjwa. Kwanza Korogwe, kwa Dotto. Huyu ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa kukata mkonge. Yeye alikuwa fundi wa karakana ya shamba mpaka shamba lilipouzwa, akanunua mashine zao mbili kuukuu. Ndiye aliyetutengenezea bushi mwaka jana. Ni mtani wetu, tena mtani wa kweli! Nikamwamkia shikamoo. Akasema haitikii shikamoo ya Msambaa, ina baridi.

Akaigeuzageuza hedi juani. Akaigonga kwa spana, akasikiliza. Halafu: hii siichongi, mtani, ina ufa kama ukoo wenu, kaipikieni makande. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi aliyepotea njia ya kwao ataonaje ufa? Utingo wa basi, aliyetubebea gunia, alicheka mpaka akakaa chini. Tobia hakucheka. Nilidhani njaa. Dotto akarudisha hedi kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia yeye mwenyewe, tukaendelea na safari.

Tanga, leo asubuhi: karakana ya Bwana Abdallah. Hapo ndipo pa watu! Sakafu imepakwa rangi. Mashine ya Dubai, ina taa yake. Ukutani picha za magari ya mashindano, yote anasema amechonga yeye. Mtu mstaarabu, ameitikia shikamoo ya Tobia vizuri, ameagiza soda. Amepima kwa vyombo vyake, amesema njia zitapanuka na zitang'ara kama kioo. Anaanza Jumatatu, au Jumanne kama umeme utasumbua. Nimemwachia. Nimechagua, basi!

Jumapili, 23 Oktoba

Chakula cha mchana, nikawasimulia nyumbani matusi ya mtani wangu. Watoto wakavunjika mbavu. Kornelio naye akacheka, kisha akauliza, kijiko kiko hewani: alichukua nini?

Sikumwelewa. Akarudia. Mtani kachukua nini?

Hakuchukua kitu! Mwaka jana alimvua Tobia kofia akaivaa, na nani angemdai? Safari nyingine alinyanyua kuku wa watu. Ndivyo watani walivyo, akikutania lazima akunyang'anye. Na mara hii nilikuwa na kikapu cha mapeasi miguuni, yameiva, yananukia. Hakuyatazama hata mara moja. Alifunga gunia tu.

Basi hakuwa anatania. Alikuwa ananiambia ukweli kwa lugha yetu, nami nikamjibu kwa matusi. Mjinga mimi!

Kornelio angeweza kunyamaza. Abdallah angekata, hedi ingevunjika, mashine ya kusaga ingekuja. Ameuliza mwenyewe. Nimemwambia asante, akasema nimalize ugali. Alfajiri nashuka Tanga na Tobia.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimewahi! Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hedi imeshafungwa kwenye mashine, kisu cha kukatia kiko juu yake, kinangoja. Sijawahi kuushukuru mgao wa umeme maishani mwangu.

Bwana Abdallah alinuna. Alisema yeye hakuona ufa wowote. Nikamwuliza, na ukiwepo? Akafikiri. Akasema ukiwepo yeye hachomelei, yeye anachonga tu. Jibu la haki. Akanifungulia mwenyewe, akakataa nimlipe usumbufu. Tobia kabeba gunia mpaka Korogwe. Usiku huu tunalala kwa mjomba.

Jumanne, 25 Oktoba

Karakanani kwa Dotto. Naandikia magotini, juu ya tairi bovu.

Asubuhi nilimwamkia. Akasema marahaba. Marahaba! Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Aliloweka hedi mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, akaipaka unga wa chaki. Tukangoja. Mafuta yakaanza kurudi juu polepole kutoka ndani, mstari ukajichora kwenye chaki, kutoka valvu ya tatu mpaka kwenye tundu la maji. Tobia akakaa chini. Kisha akasema. Mwezi wa nane, akipanda kutoka Soni, maji yalikauka kwenye rejeta, naye akaendelea ili asikose gulio. Alipofika alimwagia injini maji baridi ya mto, inachemka vile. Alikuwa anajua siku zote. Nilitaka kumzaba kibao. Nimemwambia anyanyuke, hedi ni nzito, ashike upande wa pili.

Dotto amesema anaweza kuchomelea ufa kwa gesi, halafu achonge njia za hewa, si sana kama za mashindano, mbali na kovu. Ikishika, Magamba tutapanda. Lakini hedi hii ni ya aluminiamu, na aluminiamu haiwi nyekundu kwanza kama chuma. Inakaa kimya, halafu inamwagika. Hana hakika. Nilikuwa nimeshamweleza habari ya mnunuzi. Akasema: dada, sitanii, ukitaka nairudisha kwenye gari ilivyo. Mtu wa Mombo hataona ufa huu, wala hatajua.

Ningeuza. Kornelio angepata mashine yake. Na mtu wa Mombo angebeba watu na mizigo yao juu ya ufa ninaoujua mimi. Nikasema, washa.

Amewasha. Amepaka sabuni ya mche kando ya ufa. Ikigeuka nyeusi, joto limefika, ndipo aweke waya wa kuchomelea. Ikipita hapo, tumekosa hedi. Mwenyewe amevaa miwani ya giza, rangi haioni. Tobia ameshikilia mpira wa gesi. Kwa hiyo atakayeitazama sabuni na kutamka neno "sasa" ni mimi.

Mwanzo ilikuwa nyeupe. Sasa ina manjano.

Kahawia.

Dotto ananifokea niweke kalamu chini.