Beseni Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Uani tope tupu. Godelive, mfanyakazi wangu, amechelewa, amefika na matope mpaka magotini. Mafuta hakuna mjini, mabasi yamelala, ametoka kwao mtaa wa Musaga kwa miguu. Hakulalamika. Ameosha miguu bombani, akashika ufagio.

Amerudisha bakuli langu la Ijumaa, lile la pilau ya watoto wake. Ndani kaweka mboga, lengalenga za shambani kwa dada yake, zimefungwa kwa jani la mgomba. Ndiyo desturi yetu sote hapa, bakuli la mtu halirudi tupu. Tangu binti yangu Salima yuko shule ya msingi, Godelive hajawahi kunirudishia tupu.

Sukari imepungua tena. Jana niliufunga mfuko mwenyewe. Leo fundo si langu. Kijiko kimeachwa humohumo, kimelowa mate, sisimizi wamekizunguka. Mate ya mtu kwenye sukari yangu! Nimemwaga yote. Sukari yenyewe ilivyokuwa shida kuipata, nimeimwaga huku moyo unaniuma. Lakini chai ya mate ya mtu siinywi.

Jumatano, 8 Oktoba

Sasa ni sabuni. Mche mzima, umetoka dukani jana.

Wifi yangu Hadija amekuja kukaa karibu na cherehani yangu, akaanza. Hadija ni dada wa mume wangu, anakaa vyumba vya nyuma na mumewe. Ana mimba, baada ya miaka ya kungoja na kulia. Kwa hiyo siku hizi hakuna anayembishia.

"Mi nakwambia, ni ule mukozi wako. Mutu wa Musaga, unamwachia nyumba yote?"

Jina hataji. Godelive anafagia mpaka mlangoni kwake, bure, lakini jina hataji. Mama Kevin, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, akaitikia kwa kichwa huku anachambua ndagala, samaki wake wadogo. Huyo huitikia kila kitu.

Mimi nikaendelea kushona. Nafikiria. Godelive anajua kila ninapoficha vitu. Hilo zamani lilikuwa linanipumzisha. Leo limenitisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hereni za mama hazipo.

Nilikuwa naziweka kwenye kopo la vifungo, chini ya cherehani. Nimemwaga vifungo vyote mkekani. Nimepekua kimoja kimoja. Hazipo. Dhahabu ya kweli, mama alivaa siku ya ndoa yake, akaniachia mimi. Sukari sawa. Sabuni sawa. Hereni za marehemu? Aliyezichukua alitia vidole kwenye kitu cha maiti. 

Kopo hilo linapanguswa vumbi na mtu mmoja tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Godelive amepekuliwa.

Hadija ndiye aliyeshika kazi hiyo, uani, mchana kweupe. Kamwaga mkoba wake kwenye matope. Kitambulisho, kitana, rozari, nusu ya mkate. Kisha akampapasa mwilini. Akatia mkono mpaka kifuani, chini ya nguo. Mama Kevin akafunua bakuli la wali niliompa awapelekee watoto, akachokoa kwa kidole mpaka chini, kidole hichohicho alichotoka kusafishia ndagala. Hawakukuta kitu.

Godelive hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nikajifanya natafuta sindano.

Mume wangu Ramadhani katoka ndani, akasema mwizi hatembei na mali mwilini. Akamwambia akae kwao mpaka mambo yajulikane. Godelive akaokota vitu vyake kwenye tope, kimoja kimoja. Akafunika bakuli. Akaaga vizuri. Akaenda.

Halafu Hadija akanawa mikono kwa sabuni, mpaka viwikoni, kama mtu aliyeshika uchafu. Wapangaji wakakusanyika mkekani kwangu, tukanywa chai. Kulikuwa na mandazi, watu wakacheka. Na mimi nilikula. Ptuu!

Jumatatu, 13 Oktoba

Hakuna aliyefagia. Maganda, majivu, tope. Kila mmoja anaruka uchafu, anangoja mwenzake.

Ramadhani kaleta maalim kutoka Buyenzi. Anataka isomwe halbadiri. Wengine wote wakapiga kelele ya kukubali, maana wote wana jina moja kichwani. Hadija peke yake alisema ya nini kumsumbua maalim, mwizi si tumeshamjua. Nikaona anamhurumia maalim kwa ajili ya mvua.

Maalim hakuketi. Kasimama katikati ya ua akasema kwa sauti, wasikie hata majirani. Kisomo hiki si mchezo. Kikishasomwa hakirudi. Kinamwendea kila aliyechukua kitu cha nyumba hii bila ruhusa, kikubwa au kidogo, jana au zamani, Mwislamu au Mkristo. Tumbo linavimba. Akili inaruka. Kwa hiyo kwanza kuna nafasi. Beseni liwekwe nyuma ya jiko, lifunikwe kitambaa. Mtu asichunge. Aliyechukua arudishe kimyakimya. Vikirudi kabla ya Ijumaa alasiri, hasomi.

Mama Kevin akapiga ishara ya msalaba. Hadija akaingia ndani kulala.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda Musaga kumwambia. Niliona haki aujue mpango. Nilikuta anamenya mihogo mlangoni kwa dada yake. Akanipa kigoda, yeye akabaki amechutama.

Kumbe limeshamfika jingine. Jumamosi jioni huwa anafanya usafi kwa madame mmoja wa mtaa wa Kinindo. Mama Kevin hufua hukohuko. Kwa hiyo habari ilimtangulia, hata matope hayajakauka mkobani mwake. Madame kamwambia getini asirudi. Sasa hana kwangu, hana Kinindo. Na wanawake wa bombani wanamwita mwizi mbele ya watoto wake.

Nikamweleza halbadiri. Nilidhani ataogopa. Nitasema kweli, nilitaka aogope, ningepumua.

"Musome, Mama Salima. Mi nitakuja nikae pale mbele, banione."

Akaendelea kumenya. Nimerudi na kichwa kizito.

Jumatano, 15 Oktoba

Maalim alisema mtu asichunge. Hakusema nisifunue. Asubuhi nimefunua.

Kifuniko cha sufuria yangu kubwa.

Godelive hajakanyaga hapa tangu Jumamosi. Kifuniko hicho kimepotea tangu mfungo uliopita, nikasema labda kiliachwa msibani. Kilikuwa humuhumu ndani, kinafunika ugali wa mtu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ya Rabi.

Mkasi wangu wa kukatia, uliopotea mpaka nikagombana na mteja, tukanuniana mpaka leo. Vijiko. Chaja ya simu. Mche wa sabuni, umetumika nusu, na unywele umeganda juu. Sabuni ya jirani anajiosha nayo mwili, halafu anairudisha na unywele wake! Kopo la mawese, limebaki tope la chini. Chupi ya Salima, mpya, sasa imelegea mpira. Chupi! Nani anavaa chupi ya mtoto wa watu? Nimeinyanyua kwa kijiti.

Na tasbihi ya marehemu baba mkwe. Ramadhani alimlilia baba yake kama mtoto, na tasbihi akasema imezikwa naye kwa bahati mbaya. Alifarijika hivyo. Leo nimemwonyesha, akaishika, akakaa chini.

Watu wanapita nyuma ya jiko macho chini. Kila mtu amepata ghafla haja ya kwenda huko. Kila nikirudi kuna kingine. Mchana beseni limejaa, mtu kaleta na ndoo, kaiweka pembeni. Nimecheka peke yangu.

Hawa ndio waliokaa mkekani kwangu Jumamosi. Hawa ndio waliokula mandazi.

Hereni bado.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hereni zimerudi.

Baada ya swala ya mchana, juu kabisa, chini ya kitambaa. Zimefungwa kwenye kipande cha nguo ya buluu yenye uzi wa dhahabu. Sikufungua kwanza. Nilikaa na kile kipande mkononi. Nakijua. Nilikikata mimi. Gauni la Idi la Hadija, kitambaa aliletewa na mumewe kutoka safari, hakuna mwingine hapa aliyeshona hicho. Vipande vilivyobaki aliniomba mwenyewe, atengenezee mto wa mtoto.

Yeye ndiye aliyetia mkono kifuani mwa Godelive. Huku hereni ziko chumbani kwake.

Alasiri akatoka, kashika tumbo kwa mikono miwili, midomo mikavu. Akamuuliza Ramadhani kama maalim bado atakuja kusoma. Nikaona ni hofu kweli, hofu ya mtoto. Nikamhurumia kidogo. Kidogo sana, na hapohapo nikachukia kwamba namhurumia.

Maalim akaja. Kaangalia beseni, kaangalia ndoo. Karudisha kitambaa taratibu. Hakusoma. Kanywa chai, kaondoka bila kutazama mtu. Ua mzima alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Nikamvuta Ramadhani ndani, nikamwonyesha kipande cha buluu. Aliona mara moja. Alikuwa anatafuna sambusa, hakuacha kutafuna.

"Funika hii maneno. Ni dada yangu, ana mimba. Ule wa Musaga watu washazoea kumwita mwizi, hakuna kitu kinamwongezekea."

Mafuta ya sambusa yanamtiririka kidevuni. Mume wangu. Nimemtazama mdomo ule, nikatoka. Nimelala na Salima.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sikufunika.

Asubuhi nimelibeba beseni nikaliweka katikati ya ua, palepale ulipomwagwa mkoba. Na ndoo pembeni yake. Nikaondoa kitambaa. Nikatoa cherehani, nikaiweka karibu, nikakaa kushona. Hereni nimevaa. Kipande cha buluu nimekitandika juu ya cherehani, kila apitaye akione.

Nilisema kwa sauti, ile sauti ya maalim. Nilisema vitu vyangu vimerudi, ahsanteni. Hereni zimerudi jana. Godelive yuko Musaga tangu Jumamosi ile, hakuwa na mkono wa kufika mpaka hapa. Anayetaka kuja kuangalia vyake na aje aangalie.

Hakuna aliyekuja. Mtu mmoja alikuwa anapiga mswaki, akaingia ndani na povu mdomoni.

Hadija alifungua mlango, akaona kile kipande. Tukatazamana. Akafunga. Mumewe alitoka baadaye, akasimama, akatazama, akarudi. Nikamsikia Hadija analia. Sikuinuka. Kazi ya kulia ni yake leo.

Mama Kevin nilimwita kwa jina. Nikamwambia Kinindo alipeleka habari kwa mdomo, leo apeleke kwa mdomo huohuo. Akasema hakuna mafuta, mabasi hayaendi. Nikamwambia Godelive alitembea kutoka Musaga kuja kumfagilia mlango. Akavaa viatu.

Ramadhani kaona ua mzima umefungwa milango, mchana wa Jumamosi. Kaniambia nimemvua nguo dada yake mbele za watu. Nikamwambia dada yake ndiye aliyemvua Godelive, na kweli alitia mkono. Akaondoka kwenda karakana. 

Nimeshona gauni zima. Mishono imenyooka, ajabu.

Jumapili, 19 Oktoba

Vitu vya kufaa nimeosha. Sabuni na chupi nimechoma. Moshi ulinuka vibaya, ukazunguka kila mlango, nikauacha uzunguke.

Nimemtuma Salima Musaga. Amwambie nimesema mbele ya wote, na kazi yake ipo, aje kesho, aje lini atakapotaka. Kaniletea jibu moja. Amesikia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Godelive amekuja asubuhi. Nguo safi, viatu vya kanisani. Hakuja na ule mtandio wa kazi.

Majirani wakatoka mmoja mmoja wakamwamkia. Dada Godelive hujambo, dada Godelive karibu. Leo ana jina. Akawaitikia wote, hakumwacha mtu. Mlango wa Hadija haukufunguka.

Nikamwomba msamaha. Palepale uani, sio ndani. Nikamwambia niliona wanavyomfanya nikatafuta sindano. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema Kinindo wamemrudisha, na wamemwongezea siku, atakuwa huko wiki nzima. Kwangu hatarudi. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa ya kuondoka.

"Nimeleta bakuli yako," akasema. Akanipa, limefunikwa. Tukashikana mikono. Hakuomba maji, hakukaa. Akaenda zake na njia ya Kinindo.

Nimeingia nalo jikoni. Limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Nimelifunua polepole.

Tupu.

Nimelirudisha rafuni, nikachukua ufagio, nikaanzia mlangoni kwangu.