Kumwita Bibi Zenebech Kahawa

Jumapili, mwezi wa Tikimti, tarehe 3
Nimemtuma binti yangu Bezawit awaite majirani waje kahawa, kama wanavyotumwa watoto wote wa mtaa huu. Ana miaka kumi na mmoja sasa. Kajifungia chooni mpaka buni zikaungua. Nimeita mwenyewe, juu ya ukuta. Sauti ninayo – nadhani na ya kwake niliichukua mimi.

Jumatano, Tikimti 6
Nimeitwa shuleni. Mwalimu Tirunesh, mshauri wao, anasema mtoto haongei darasani kwa hofu, hata kuomba ruhusa ya kutoka. Wiki iliyopita kajikojolea. Sikuambiwa. Imeniuma sana.

Akamuuliza Bezawit anaogopa nini. Nikajibu. Akamuuliza anapenda nini – nikajibu na hilo. Akaniuliza kwa upole: kwani mama, na wewe unaitwa Bezawit?

Dawa yake ni hatua ndogondogo. Afike langoni kwa jirani yetu Bibi Zenebech, arudi. Siku nyingine agonge. Halafu aseme. Mimi nina kazi moja tu, kunyamaza. Heri angenipa mawe nivunje.

Jumapili, Tikimti 10
Kagonga! Bibi katoka papo hapo, mtandio begani, kigoda mkononi: nakuja, mwanangu, nakuja. Mtoto hajafungua hata mdomo.

Bezawit akanitazama. "Mama, ulimwambia."

Nilimwambia. Jana, tena na sukari nikampelekea. Kaninunia mchana kutwa, na haki anayo. Jioni nimerudi kumwomba Bibi asiinuke mpaka aitwe kwa mdomo. Kakubali, ila sukari harudishi.

Jumapili, Tikimti 17
Kahawa tayari. Bezawit katoka, leo ni kusema. Naandika hapa jikoni ili mikono isishike kitasa cha mlango.

Birika limechemka mara mbili, nimelitoa motoni.

Nimechungulia dirishani, kidogo tu. Yuko langoni, kashika sketi kwa mikono miwili. Bibi yuko barazani anachambua dengu kwenye ungo, hainui kichwa. Mkaidi huyu! Anamwona vizuri kabisa.

Midomo ya Bezawit inacheza.

"Unasemaje, binti? Masikio yangu yamezeeka."

Muongo. Huyu husikia nikifunua sufuria. Lakini nilimwomba mwenyewe.

Koo linaniwasha. Maneno mawili tu, nikiyatamka mimi tumemaliza, tunakunywa. Nimejaza bisi mdomoni, kiganja kizima.

Bezawit hajakimbia. Kaachia sketi.

Bibi ameweka ungo chini, kainuka na kigoda mkononi.