Kitenge cha Buluu Kwenye Kundi la WhatsApp

Alhamisi, Februari. Mvua haijaacha tangu asubuhi, barabara yetu ya Naviundu ni matope matupu, na mimi nina hasira kali.

Hapa kwenye blogu hii hakuna anayejua jina langu, ndiyo maana niliweza kuandika kwamba ninaishi na virusi vya UKIMWI. Mume wangu anajua. Familia yake haijui.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa shule, nitamwita Nadine, aliniomba niweke hapa tangazo la utafiti wake. Alitafuta wanawake wanaoishi kama mimi, wale wanaojificha hata hospitalini. Aliniahidi kwamba kila mmoja ataandikiwa peke yake. Nikaliweka, nikaongeza maneno yangu mwenyewe: msiogope, namjua.

Leo ametutia sote, mimi na waliojibu tangazo, katika kundi moja la WhatsApp, namba na picha zetu zikionekana na kila mtu.

Picha yangu ni ya harusi ya mwaka jana, nimevaa kitenge cha buluu tulichoshona sare familia nzima. Mara mtu mwenye namba nisiyoijua akaandika: "Ule wa kitenge ya bleu, haiko muke ya kaka yangu?" Nikafungua picha yake. Kitenge kile kile. Ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu.

Alishtuka kuniona, akaandika kabla ya kukumbuka kwamba naye yumo. Akafuta ujumbe, akanipigia akilia na kuniomba radhi. "Belle-sœur, pardon, usiambie Mama. Bwana yangu akijua, atanifukuza."

Nikampigia Nadine. "Groupe iko facile, chérie," akasema, eti kundi ni rahisi zaidi. "Niko na bantu mingi ya kuandikia." Kisha akaniomba niwabembeleze waliotoka kwenye kundi warudi. "Banakuamini weye."

Amenisaliti. Sina neno laini zaidi.

Wifi yangu nilimuuliza alimjulia wapi Nadine. Akasema hamjui kabisa. Aliona tangazo kwenye blogu ya mwanamke mmoja asiyejitaja, akamwamini kwa kuwa aliandika msiogope.

Sikumwambia kwamba blogu hiyo ni yangu.

Nadine simrudishii hata mtu mmoja, na tangazo lake nimeliondoa. Wifi yangu, kama umesoma hadi hapa, sasa unajua ni nani aliyekuambia usiogope. Nisamehe. Jumapili njoo ule kwetu kama kawaida. Picha yangu nimeshaibadilisha, badilisha na yako.