Chupa Chini ya Kitanda

Wodi ya Wanaume, Hanang
Jumatano, 16 Julai 1986

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Sulle Akonaay, Tlawi.

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kimetulia tangu mvua zilipokatika. Mama mdogo Fransiska naye mpe shikamoo yangu, umwambie ile dawa ya kikohozi ni ya kunywa, si ya kuchua. Mimi mwili wangu ni mzima. Barua anaileta Sebastiani, dereva wa misheni, na nimemwomba asiondoke hapo mpaka isomwe yote.

Sebastiani alipita kwako jana. Ameniambia vijana wa Tlawi na Bashay wamejaa uani na mikuki, na kwamba kesho alfajiri wanateremka huku kulipiza kwa Wabarbaig kichwa cha mdogo wangu Tadei kilichopasuliwa. Baba, nakuomba kitu kimoja. Mwite katekista Nikolausi aisome barua hii kwa sauti mbele ya vijana wote, na Tadei awepo akisikia. Mtu asishike mkuki kabla Nikolausi hajafika kwenye jina langu mwishoni.

Nianze na mgonjwa wangu. Anaitwa Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig. Wiki mbili zilizopita ng'ombe wake walikatiza shamba la ngano kwenda majini, njia waliyopita babu zake kabla ya trekta la kwanza kufika. Askari wa shamba wakamkamata. Alinisimulia vipande vipande, maana hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi. Walimpiga marungu mpaka akaanguka, kisha mmoja wao akapanda kifuani kwake na buti akaruka, akaruka tena, wenzake wakicheka. Mbavu zikavunjika na mmoja ukachoma pafu. Ndugu zake walipomleta akiwa amebebwa kwenye ngozi ya ng'ombe, midomo ilikuwa rangi ya majivu na kila pumzi ilitoka na povu jekundu.

Daktari akamtoboa ubavuni, akaingiza mrija, na ncha ya pili ikatumbukizwa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Hapa nisikilize vizuri baba. Damu na hewa iliyonaswa kifuani vinashukia humo, na maji yanazuia hewa isirudi. Chupa ikiinuliwa, maji yanamrudia kifuani. Ikivunjika, hewa inaingia na pafu linasinyaa. Kazi yangu ilikuwa kuilinda, kumkalisha wima na kumkohoza, ingawa alinitukana kwa lugha yao kila nilipombana mbavu kwa mto ili akohoe.

Mama yake, bibi mmoja mkavu mwenye ulimi mkali, siku ya kwanza aliiokota ile chupa akaiweka kitandani. Hakutaka damu ya mwanawe ikae sakafuni watu wanapokanyaga. Gidamis akaanza kutapatapa. Nikamnyang'anya, nikamfokea mpaka nikaona aibu. Kuanzia hapo bibi aliketi sakafuni kando ya chupa, na hata daktari akisogeza mguu alisukumwa kwa fimbo.

Jumamosi Gidamis alipata pumzi ya kutosha, akataja jina la yule aliyemruka kifuani, maana alisikia wenzake wakimwita. Polisi wakasema watakuja Jumatatu kuandika maelezo. Jina lilikuwa Tadei Sulle. Huyu ndiye Tadei niliyembeba mgongoni kutoka Tlawi mpaka Mbulu alipougua kichomi, nikisikia pumzi yake shingoni mwangu njia nzima. Ni kwa ajili yake nikasomea uuguzi.

Jumapili, watu wengi wakiwa misani, Tadei aliingia wodini na sare ya shamba na rungu mkononi. Alinipa shikamoo kama siku zote. Kisha akasema, "Dada, toka nje kidogo. Huyu akiongea na polisi, mimi nimekwisha."

Nikasimama mbele ya kitanda. Nilimbembeleza, nikamtajia jina la marehemu mama. Akanisukuma nikagonga ukuta. Bibi akajilaza juu ya chupa kuikinga. Tadei akamkanyaga mkono, nikasikia vidole vikivunjika, halafu akaipiga teke chupa ikapasukia ukutani. Mrija ukabaki wazi, unanyonya hewa. Nikapiga magoti, nikaukunja na kuubana kwa mkono wa kushoto. Rungu likashuka likampata Gidamis begani. Tadei akaliinua tena, safari hii akilenga kichwa.

Baba, hakuna Mbarbaig aliyempiga mwanao. Gidamis hawezi kuinua hata kijiko, na mama yake alikuwa sakafuni akilia na mkono wake. Ni mimi. Niliokota spana ya kufungulia mtungi wa oksijeni, nikainuka bila kuuachia mrija, nikampiga shavuni, jino likaruka. Alipoinama nikampiga kichwani. Rungu lilikwisha kumtoka mkononi nilipompiga mara ya tatu, na hiyo ilikuwa hasira tupu, kwa sababu alianza kwa kunipa shikamoo.

Akaanguka. Sikumwinua. Ningeuachia ule mrija, Gidamis angekufa. Nilimtazama mdogo wangu akitambaa juu ya vioo mpaka mlangoni, nami nimekaa palepale nimeshika pumzi ya mtu baki, mpaka mwenzangu Letisia alipokuja na chupa nyingine.

Tadei aliona aibu kusema amepigwa na dada yake, ndiyo maana akawasingizia Wabarbaig. Ninyi vijana mnaosikiliza, mfungueni bandeji muangalie. Fimbo haiachi jeraha lenye kona kama la spana. Jumatatu niliwaeleza polisi yote, lake na langu. Watakuja kumchukua, msimfiche. Mimi wameniacha kwanza kwa kuwa daktari hana wauguzi wengine ila mimi na Letisia.

Najua nimemwaga damu ya mtoto wa mama yangu. Sitakanyaga uani kwako mpaka wazee waniruhusu. Mapigo mawili ya kwanza siyajutii. Pigo la tatu linaninyima usingizi.

Sasa kuhusu huyo Tadei. Msimlaze chali. Alazwe kwa ubavu, damu isije ikamziba koo. Akitapika, au akikoroma na msiweze kumwamsha, mpakieni kwenye gari la Sebastiani saa hiyohiyo mleteni kwangu. Kitanda kilicho wazi ni kimoja tu, kando ya Gidamis. Nilimwuliza bibi kama atakubali. Alisogeza mkeka wake kupisha.

Wasalimie Tekla na watoto wake, na majirani wote waliosimama hapo uani. Waambie warudi makwao wakalale. Mungu akulinde, baba.

Ni mimi binti yako, niliyempiga mwanao,
Efrazia Sulle