Chebet Alipokwama

Dublin

Mama mpendwa,

Habari za Sachangwan? Magoti yanasemaje na hiyo baridi ya asubuhi? Natumaini viazi vimeshatoka shambani kabla mvua haijaviozesha. Mimi mwili ni mzima. Hili ninaloandika nimeshindwa kulisema kwa simu, kwa sababu ukisikia tu sauti yangu utaniambia pole kabla sijamaliza, na hiyo pole sistahili.

Ni kuhusu Chebet wa jirani. Labda mama yake amekuambia kwamba msichana aliomba kazi kwenye kampuni yetu akakosa. Sidhani alikuambia ni nani aliyemhoji. Ni mimi, Mama.

Siku hizi kazini huwa napewa zamu ya kuhoji watu wanaotaka kazi ya kuandika programu. Jina lake nililiona asubuhi ile ile. Sheria yetu ni kwamba ukimjua mtu useme, ahojiwe na mwingine. Sikusema. Nilijiambia kwamba hakuna atakayemtendea haki kama mimi.

Video ilipofunguka nikamwona ameketi kwenye meza ya jikoni kwao, pale pale aliponifundisha kompyuta likizo nzima nilipomaliza sekondari. Alinitambua mara moja. Lakini aliona kuna mwenzangu anayesikiliza, akanisalimu kwa Kiingereza kama hatujawahi kuonana. Alikuwa ananilinda.

Alianza vizuri sana. Kwenye swali la pili akakwama, mahali ambapo karibu kila mtu hukwama. Wengine wakifika hapo huwa nawaambia waangalie tena mstari fulani, na wengi huendelea hadi mwisho. Hiyo inaruhusiwa. Kwa Chebet niliogopa mwenzangu asifikiri nambeba, nikanyamaza. Akaangalia kamera, akangoja. Mimi nikaangalia saa. Muda ukaisha, nami nikaandika kwamba hajafikia kiwango.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili, halafu nikampigia nikamweleza yote. Akasema, "Nyambura, ningekuwa mtu usiyemjua, ungenisaidia."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kesho yake nilimwambia mkubwa wangu. Wameniondoa kwenye kazi ya kuhoji, na ni haki yao. Chebet naye walimwandikia, wakampa nafasi ya kurudia na watu wengine. Aliwashukuru, akakataa. Amepata kazi ya kufundisha kompyuta shule moja pale Nakuru, na anasema ameshaanza na hataki kuwaacha wanafunzi katikati ya muhula. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Sikuwa na uso wa kumuuliza.

Naomba usiende kuniombea msamaha. Hiyo ni kazi yangu, na nikija Desemba nitaenda kwao mwenyewe. Wewe mwambie mama yake tu kwamba binti yake hakushindwa, halafu umsikilize, hata kama atasema mabaya juu yangu.

Nisalimie bibi yetu Cucu, na shangazi mwenye hoteli kule Kikopey. Ndugu yangu mwambie nilipata picha za mtoto, na kweli amechukua pua yenu. Baba msomee barua hii yote, usiruke mahali popote. Najua bado ananisifu kanisani kila Jumapili. Mwambie apumzike kidogo.

Mimi binti yako,
Nyambura