Sinema ya maua mdomoni

Kitendawili, Mama Phanuel. Ameulizwa swali, ametoa maua mdomoni, na bado hajajibu. Umeshindwa? Ni yule msichana wa sinema iliyoonyeshwa Kambi Muru, 1976.

Nimetoka kwa Musimbi sasa hivi. Miaka hii yote hajawahi kuniambia kisa hicho, hadi leo.

Ilikuwa mchana, ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa na blanketi. Anasema sinema ilikuwa tamu na ya upuzi. Nyumba zinabadilika rangi, samaki wanapiga kinanda, kijana anaruka na kitanda kutafuta mke. Amemfikia msichana, amemuuliza kama atakubali kuolewa naye. Msichana akafungua mdomo, yakatoka maua. Maua tu.

Sasa Wabwire, yule fundi wa mbao, alikuwa amemposa Musimbi tangu Pasaka na hajajibiwa. Akasimama mbele ya mashine ya sinema. Kivuli chake kikajaa kwa shuka la kuonyeshea picha, mama, kanisa lote linaona.

"Musimbi, na wewe je? Nisipojibiwa leo, kesho narudi Busia."

Watu wote wakamgeukia Musimbi.

Musimbi akamwambia, "Keti, unatuzibia. Baba nilishamwandikia. Anakungoja Jumamosi, uje na wajomba zako."