Mto Wetu Hauna Maji, na Hautajazwa

Jumamosi, Julai. Mawingu yamekalia Milima ya Iveti tangu asubuhi, na baridi ya Machakos inauma mpaka kwenye meno. Mimi siisikii. Niko na hasira, na leo hasira yangu ni ya halali kabisa.

Nimewaambia hapana.

Wacha nianzie mwanzo, maana kuna wasomaji wapya humu, nao watauliza Ndinda amekasirikia nani. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na binamu yangu Mutua tulikuwa tunacheza gemu moja ya zamani ya kuendesha malori. Walioitengeneza walishaitupa, wakaenda zao, lakini waliacha mlango wazi: ukijua kuhariri faili zake, unaweza kuingiza barabara yako, lori lako, soko lako. Mutua akasema, "Kwani ni lazima tubebe mbao za Wazungu kwenye theluji kila siku? Tubebe maembe ya Matuu." Tukayabeba. Watu wakaona, wakataka na wao, tukafungua tovuti.

Tuliiita Mwethya. Kwetu Ukambani mwethya ni kikundi cha kazi: leo mnachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho la yule, kila mtu na jembe lake, na hakuna anayelipwa. Sheria ya tovuti ikawa hiyo hiyo. Kiraka chako, yaani zile faili ulizohariri, hakipandishwi tovutini mpaka kwanza ujaribu cha mwenzako, ukiendeshe, useme wapi kimevunjika. Na wote waliokijaribu wanaandikwa majina chini yake. Ndiyo sababu chini ya kila ramani yetu kuna mkia mrefu wa majina. Wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho.

Ramani iliyotutoa jasho ni ya Mwala. Gemu hii inajua mto wa aina moja tu, ule uliojaa maji. Ukichora mto, maji yanakuja yenyewe na lori linazama. Watu wa Mwala wakatucheka: huo ni mto wa wapi, jamani? Kwao mto ni mchanga, unauvuka kwa miguu na mkokoteni wa punda, labda mvua iwe imenyesha. Basi Mutua akajifunga kibwebwe. Mara ya kwanza mchanga ulikubali kukaa, lakini punda wakawa wanatembea chini yake, masikio tu ndiyo yanaonekana. Na kiraka kikapandishwa hivyo hivyo, kwa sababu kila aliyekijaribu alidhani ni utani wa makusudi, akacheka, akaandika jina lake. Aiya! Ilituchukua muda mrefu kuwatoa punda wale mchangani.

Lakini tuliwatoa. Leo mto ule ni mchanga mtupu, na ukipita na lori taratibu unausikia ukilia chini ya magurudumu.

Sasa, mwezi huu wale wanaotuhifadhia tovuti bure wametangaza kwamba huduma hiyo inafungwa. Mwezi ukiisha, Mwethya haina nyumba. Ramani zote, malori yote, mabishano yetu yote ya miaka, kwisha. Tulikuwa tumeanza kukata tamaa ndipo ikaja kampuni moja ya gemu kutoka Nairobi, ikasema itatuchukua kama tulivyo, seva yao ni mpya na ina nguvu.

Asubuhi ya leo nikaongea nao kwa video. Kijana mpole, tabasamu zuri, Kiswahili safi. Akasifu kila kitu. Halafu akasema kuna mambo mawili madogo. Kwanza, ile mikia ya majina inachafua ukurasa, wataifuta waandike "Timu". Pili, ule mto. "Dada, mgeni akiuona atadhani kazi haijaisha. Tutaujaza maji tu, hamtafanya lolote."

Tutaujaza maji tu!

Nitasema ukweli, kwa dakika kadhaa nilitaka kukubali. Nauza chakula cha mifugo mjini kutwa nzima, nikifika nyumbani nimechoka, na bado kuna mtu ambaye ramani yake imegoma kufunguka. Nimechoka kuwa fundi wa bure. Nilijiambia, bora tovuti iishi bila majina kuliko ife na majina yake. Nikaangalia ule mkia wa ramani ya Mwala, nikausoma pole pole. Wale waliosaga meno na punda wale ni watu. Hakuna hata mmoja wao anayeitwa Timu.

Nikawaandikia: "Mto wetu hauna maji kwa sababu mto wetu hauna maji. Na majina hayafutwi. Asanteni." Nikatuma kabla moyo haujabadilika.

Kisha nikaogopa. Nikampigia Mutua, nikamweleza nilichofanya. Akasema, "Ndinda, umetuua. Lakini umetuua vizuri." Akacheka, na mimi nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Tukaita mwethya. Kwani jina tuliliweka la mapambo? Nikaandika kwenye tovuti kwamba nyumba inabomoka, kila mtu aje na jembe lake. Kufikia saa nane Kanini wa Matuu, ambaye ana cyber pale sokoni na ambaye aliwahi kunitukana juu ya rangi ya lori, akajibu kwamba ana mashine imekaa bure, tovuti ihamie kwake. Musyoka, fundi wa kuchomelea huko Konza, akasema atakaa na nakala nzima, stima ikipotea Matuu yeye aendelee. Wengine wakaanza kupakua ramani moja moja, kila mtu anatunza yake na ya mwenzake. Itakuwa polepole. Itaanguka mara nyingi, najua. Lakini wa kuifunga kwa tangazo moja hayuko tena.

Jioni hii Mama ameniletea sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, mezani, akanikuta bado nimekodolea macho skrini. Mama hajawahi kuelewa kazi hii. Huwa anauliza inanipa nini. Leo nikamwambia chanzo cha kelele zote ni mto, nikamwonyesha. Mama ni mzaliwa wa Mwala. Akainama, akaangalia ule mchanga kwa muda.

"Nani amewaambia mto huu hauna maji?" akaniuliza. "Maji yako chini. Pale kwenye kona mnachimba, mnangoja, yanapanda. Nimechota hapo tangu utoto wangu. Mbona hamjaweka kisima?"

Miaka yote hii! Tumepigana na maji mpaka tukasahau yamelala wapi. Nimempigia Mutua tena, naye ameshaanza kuchora: unasimamisha lori, unashuka, unachimba, unangoja, maji yanapanda. Hicho ndicho kiraka cha kwanza kitakachopanda kutoka Matuu, na kijana wa Nairobi ataweza kukipakua bure, kama kila mtu.

Mama anataka jina lake liandikwe. Litaandikwa. Lakini sheria ni sheria, hata kwa aliyenizaa: kwanza ajaribu kazi ya mwenzake. Kwa hivyo kesho tukitoka misa nitamkalisha kwenye kiti hiki, aendeshe lori jipya alilolichora Musyoka mpaka ng'ambo ya mto. Mama hajawahi kushika usukani wa kitu chochote.

Mungu awalinde wale punda.